Mti umelegea baada ya kuhamishwa chungu? Weka kopo la maji chini kwanza

Mkakao wangu wa kwanza ulikuja Arusha kwa basi kutoka Kyela. Shemeji yangu ndo aliuleta, kiriba, yaani ule mfuko wa kuoteshea mche, amekifunga kwenye kipande cha kitenge akakipakata safari nzima, na ukafika na majani yake tisa yamesimama vizuri kabisa kama vile umetoka kitaluni asubuhi ile. Nikaukalisha ndani wiki mbili, alafu nikaona kiriba kinaanza kuchanika nikauhamishia kwenye chungu kikubwa kizuri, udongo mpya, samadi kidogo, maji ya kutosha, nikauweka dirishani. Siku ya tatu majani yote tisa yalikuwa yananing'inia.

Ukiona jani linaning'inia unafikiria kiu, na mimi nikafikiria hivo hivo. Nikamwagilia asubuhi, jioni nikaona bado nikamwagilia tena, kesho yake nikasema labda unahitaji nguvu nikatia mbolea ya kukuzia kijiko kimoja. Ndani ya wiki tatu ulishakuwa kijiti. Nilipoung'oa nikauosha mizizi bombani ndo nikaelewa kilichotokea: mizizi ya kahawia, laini, ukiibana kwa vidole ngozi ya nje inavuka kama soksi unabaki uzi mwembamba katikati, na udongo wa chini ya chungu unanuka yai viza. Yaani ule mti ulikufa kwa kukosa maji huku umesimama kwenye maji.

Najua inasikika vibaya lakini hapo ndo kiini cha jambo lote, na ukishapaelewa hapo basi maswali mengine yote watu wanayouliza, mwanga kiasi gani, mbolea lini, chungu cha ukubwa gani, niufunike au nisiufunike, unaweza kuyajibu mwenyewe bila kumuuliza mtu.

Ni hivi. Mti haunywi maji kwa ile mizizi minene unayoiona ukikata kiriba. Ile ni mabomba tu, inapitisha maji na kuushikilia mti usianguke. Kunywa kwenyewe kunafanyika kule kwenye ncha za mizizi myembamba, hasa kwenye vinywele vya mizizi, na kila kinywele ni seli moja tu iliyorefuka ikajipenyeza katikati ya punje za udongo. Hata mti usipoguswa vinywele hivi vinaishi muda mfupi sana, siku kadhaa hadi wiki kadhaa, mti unatengeneza vipya kila siku kadiri ncha ya mzizi inavyosonga mbele. Sasa we umekuja umechana kiriba, umetikisa udongo wa zamani, umeushindilia mti kwenye udongo mwingine, hapo umekata vinywele kwa maelfu na wala hujaona kitu, maana kwa macho mzizi mkuu uko salama na unajisifia kwamba umehamisha vizuri.

Huku juu majani yanaendelea kama jana. Chini ya jani la mkakao kuna vitundu vidogo sana vinaitwa stomata, vinafunguka mchana ili kaboni dayoksidi iingie mti utengeneze sukari, na vikifunguka mvuke nao unatoka. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yote ambayo mti unavuta kutoka udongoni yanaishia hewani kwa njia hiyo, kinachobaki mwilini ni kidogo mno. Kwa hiyo chukulia nyumba ambayo mshahara umekatwa robo tatu ghafla lakini matumizi yako pale pale, ada ile ile, kodi ile ile, LUKU ile ile. Kuongeza maji kwenye chungu ni sawa na kuijaza pesa benki ambayo hiyo familia haina kadi wala akaunti. Maji yapo, midomo ya kunywea ndo haipo.

Mti ukiona hali hiyo unafunga stomata. Uamuzi mzuri, unaokoa maji, ila ukifunga stomata na kaboni dayoksidi haiingii, sukari haitengenezwi, na mizizi mipya inajengwa kwa sukari hiyo hiyo. Kwa hiyo mti unajikuta umebanwa pande mbili, ukifungua unakauka, ukifunga unakaa njaa, unaishi kwa akiba iliyopo kwenye shina na kwenye majani ya zamani. Ndo maana kupona kunachukua wiki na sio siku, na ndo maana mara nyingi unauona mti unadondosha majani mawili matatu ya chini kabisa, yanageuka njano taratibu alafu yanaanguka, mti unapunguza matumizi wenyewe. Hayo usiyalilie.

Na kuna kitu cha tatu ambacho ndo kiliua wangu. Mizizi inapumua. Inahitaji oksijeni kama sisi, na hiyo oksijeni inaipata kwenye nafasi za hewa katikati ya punje za udongo. Ukimwagilia kila siku nafasi zile zinajaa maji, na oksijeni inasafiri ndani ya maji polepole kama mara 10,000 kuliko inavyosafiri hewani, kwa hiyo mizizi iliyobaki, ile michache iliyopona, inakosa pumzi. Mizizi ikikosa pumzi inaacha kuvuta maji. Majani yanalegea zaidi. Mwenye mti anaona yamelegea zaidi anaongeza maji. Baada ya hapo vimelea vya kuozesha vinaingia na ile harufu ya yai viza unayoisikia ni gesi ya bakteria wanaoishi pasipo hewa.

Kwa hiyo kazi yetu wiki za mwanzo sio kuupa mti zaidi, ni kuupunguzia matumizi mpaka midomo iote upya.

Bibi alikuwa anafanya nini na kahawa

Bibi yangu mzaa mama yuko Kibosho, huko Kilimanjaro, na nilipomsimulia habari ya ule mkakao akaniuliza swali moja, "Ulihamisha saa ngapi?" Nikamwambia mchana, Jumamosi, jua linawaka. Akatikisa kichwa tu.

Mche wa kahawa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, anauhamisha mvua za masika zikishakolea, jioni, unashuka na udongo wake kwenye shimo ambalo limechimbwa miezi kadhaa nyuma, alafu anakata matawi au majani ya migomba anauchomekea kibanda kidogo juu yake. Juu ya kibanda kuna migomba, juu ya migomba kuna miti mirefu. Sasa angalia pale mche umepewa nini: kivuli cha tabaka tatu, hewa ya mvua iliyojaa unyevu, upepo hamna, usiku mzima wa kupumzika kabla jua halijatoka. Kila kimoja kati ya hivyo kinapunguza mvuke unaotoka kwenye jani. Hajaongeza kitu chochote chini, ameshusha matumizi ya juu, na mche wake unalegea siku mbili tatu alafu unaendelea.

Mkakao nao ni mti wa kuishi chini ya miti mingine, kwao ni misitu ya Amazon, kwa hiyo kihamba cha bibi ungeupenda isipokuwa kwa baridi. Na sisi tunaoukalisha ndani hapa mjini tunapaswa kuiga kile kibanda cha migomba sebuleni. Sio ngumu.

Dirisha, tailizi na hewa

Tuanze na mwanga maana hapa watu wanakosea pande zote mbili. Mwingine anauweka kwenye jua kali la dirishani uchangamke, mwingine anasikia neno kivuli anaupeleka korido yenye giza. Kwenye jua la moja kwa moja jani linapata joto na kutoa mvuke mwingi ambao mizizi haiwezi kuulipia. Kwenye giza hakuna sukari, mizizi mipya itajengwa na nini? Kinachotakiwa ni mwanga mwingi usio na jua lenyewe, mahali ambapo mchana unaweza kusoma gazeti bila kuwasha taa lakini jani halipigwi na mwale. Hatua moja na nusu hivi kutoka dirishani, au dirishani penyewe ukiwa umeshusha pazia jepesi jeupe.

Na dirisha lipi inategemea mwezi. Sisi tupo nyuzi 3 na kitu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, miezi mingine linapita kusini. Bahati nzuri Arusha na Moshi zote mlima uko kaskazini, ukumbuke tu hivi: Juni na Julai dirisha linaloangalia mlima ndo linapata jua, Desemba na Januari ni dirisha lililoupa mlima mgongo. Nimeona mtu ameweka mti mahali pazuri kabisa mwezi wa nane, Desemba majani yanaungua anashangaa imekuwaje mahali ni pale pale. Mahali ni pale pale, jua limehama.

Baridi. Mkakao unataka joto lisiloshuka sana chini ya nyuzi 18, na Arusha mwezi wa saba usiku inashuka hadi kwenye 12, 13 huko, ndani ya nyumba kuna nafuu ila sio kubwa maana nyumba zetu hazina hita. Moshi mjini kuna unafuu zaidi kwa sababu iko chini. Kitu ambacho watu hawakifikirii ni sakafu. Chungu kikikaa juu ya tailizi mwezi wa saba udongo unakuwa baridi usiku kucha na asubuhi bado, na mizizi ikiwa kwenye baridi inakua polepole sana na kuvuta maji inavuta kidogo, unakuta majani yamelegea asubuhi na udongo una maji tele. Weka chungu juu ya kigoda au kipande cha ubao. Mkakao wangu wa pili unakaa juu ya kigoda cha jikoni, maana huku ni baridi. Na kama unaweza kuchagua, usihamishe mti wa joto Juni wala Julai kabisa, subiri Septemba au Oktoba joto likirudi, isipokuwa kama kiriba kimeshapasuka na huna jinsi.

Unyevu wa hewa ndo kile kibanda chenyewe. Watu wanapuliza maji kwenye majani kwa chupa ya kupulizia, haina madhara ila faida yake ni ya dakika chache tu, yakikauka mmerudi pale pale. Kinachofanya kazi ni kuufunika. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 kwa hiyo usihangaike kuitafuta, tumia ile nailoni angavu ambayo dobi anafunikia suti, au kama mti ni mfupi chukua dumu kubwa la maji ya kunywa, lile angavu, likate kitako ufunike kama kofia. Chomeka vijiti vinne pembeni ili nailoni isigandamane na majani, acha upenyo kidogo chini, na kila siku funua dakika kumi hewa ibadilike, ukiona matone yanatiririka ndani muda wote basi ongeza upenyo. Lakini kilichofunikwa KISIPIGWE na jua hata dakika, kitaiva humo ndani. Na feni isiuelekee mti, wala usiukalishe kwenye mkondo wa upepo kati ya mlango na dirisha.

Jambo dogo lingine, usiuweke karibu na mkungu wa ndizi unaoiva. Ndizi zinapoiva zinatoa gesi ya ethilini na gesi hiyo inauambia mti uangushe majani, na nyumba za huku mkungu ndani ni kitu cha kawaida.

Maji yenyewe sasa

Siku ya kuhamisha, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Hii ya kwanza ni lazima na ni nyingi, maana inashusha udongo ugusane na mizizi, penye mwanya wa hewa mkubwa mzizi unaning'inia hewani unakauka. Maji yaliyobaki kwenye sahani ya chini yamwage. Baada ya hapo acha.

Uache mpaka lini? Mimi natumia kijiti cha mshikaki. Nakichomeka pembeni ya chungu mpaka karibu na kitako, naacha dakika mbili, nachomoa. Kikitoka kimelowa na udongo mweusi umenata, sigusi maji hata kama juu pamekauka kabisa na pameanza kupasuka. Kikitoka kina unyevu kidogo sehemu ya chini tu, namwagilia. Kidole kinakudanganya kwa sababu kinaishia juu na juu ndo panapokauka kwanza. Njia nyingine ni kukinyanyua chungu, siku ya kwanza kinyanyue baada ya kumwagilia uzoee uzito wake, baada ya wiki mkono wenyewe utajua. Kwangu mwezi wa saba, mti hauna majani mengi, mawingu kutwa, nilikaa siku kumi na moja bila kumwagilia na udongo chini bado una unyevu. Januari ni siku nne, tano. Kwa hiyo mtu akikwambia mwagilia mara mbili kwa wiki muulize mwezi gani, chungu gani, mti una majani mangapi.

Na kulegea kuangaliwe alfajiri, sio saa nane mchana. Mti uliolegea mchana alafu ukaukuta asubuhi saa kumi na mbili majani yamenyanyuka, huo unajimudu, usiku stomata zimefunga mizizi imepata nafasi ya kujaza pengo. Mti uliolegea alfajiri na kijiti kimetoka kikavu, huo una kiu kweli, upe maji. Mti uliolegea alfajiri na kijiti kimelowa, huo ndo wa kuogopa.

Chungu kikubwa kilichangia sana kifo cha ule wa kwanza. Kiriba chake kilikuwa na upana wa kama sentimita 12, nikakirusha kwenye chungu cha 35. Udongo wote ule unaozunguka hauna mzizi hata mmoja wa kuvuta maji, kwa hiyo unakaa umelowa wiki nzima. Ongeza sentimita 3 mpaka 5 za upana, basi, utahamisha tena mwakani. Chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi ndani wala nje ni kizuri kwa sababu kinapumua pembeni, ndoo ya plastiki nayo inafaa ila toboa matundu ya kutosha na punguza maji.

Hapa nigusie na kokoto. Karibu kila mtu anatanguliza kokoto chini ya chungu akiamini zinasaidia maji kutoka. Chukua sponji ya kuoshea vyombo uiloweke, uishike imelala bapa juu ya sinki mpaka iache kudondosha. Sasa igeuze isimame wima bila kuikamua. Itamwaga maji tena. Sponji ni ile ile, umebadilisha kimo tu. Kitu chenye vitundu vidogo siku zote kinashikilia tabaka la maji chini kabisa, udongo nao hivyo hivyo, na maji hayaruki kutoka kwenye vitundu vidogo vya udongo kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe. Ukiweka kokoto hujaliondoa lile tabaka, umelinyanyua likasogelea mizizi. Kigae kimoja cha kuzuia udongo usitoke kwenye tundu kinatosha.

Bora hizo kokoto zingekuwa ndani ya udongo wenyewe. Huku tumebarikiwa, udongo wa Meru na Kilimanjaro ni wa volkano, una rutuba, ila ukiuweka mtupu kwenye chungu unashikana kama tope baada ya miezi michache. Mimi nachanganya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya mboji iliyoiva kabisa isiyotoa joto wala harufu, na ndoo moja ya vitu vya kuingiza hewa: vile vijiwe vyekundu vyepesi vya volkano vyenye matundu, vipondwe mpaka viwe kama punje za mahindi, au maganda ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi bila kugeuka majivu, hayo kwenye mashine za kukoboa Moshi wanayatupa tu. Na mti ukae kwenye kina kile kile ulichokuwa kwenye kiriba, ukifukia shina juu ya hapo gome linaoza.

Kuhusu maji ya bomba na visima, sehemu nyingi zinazozunguka Mlima Meru zina floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri, na kuchemsha hakuitoi. Mmea ambao unaumizwa na floraidi waziwazi ni masale, yale yale ambayo Wachaga wanapandia mipaka ya vihamba na kuombea msamaha, ukiyaweka kwenye chungu na maji ya namna hiyo ncha za majani zinakauka kahawia. Kwa mti ambao tayari umeumia mizizi mimi sitaki kuongeza mzigo wowote, nakinga maji ya mvua kwenye ndoo.

Vitu vya kutofanya, haraka haraka

Mbolea hapana. Mbolea ya dukani ni chumvi, na chumvi ikizidi udongoni inayavuta maji kutoka kwenye mzizi badala ya mzizi kuvuta maji, kwa mizizi iliyojeruhiwa hiyo ni mbaya mara mbili. Samadi mbichi inatoa amonia, inaunguza. Maji ya sukari yanalisha bakteria na ukungu wa udongoni, mti hauna njia ya maana ya kuyatumia. Vitamini B1 imesifiwa miaka mingi kwa miti iliyohamishwa lakini mti unajitengenezea wenyewe kwenye majani, kuumwagia hakuleti mizizi. Usikate majani mabichi kwa kudhani unapunguza mvuke, kwenye mti mchanga wenye majani tisa kila jani ni kiwanda cha sukari ya kujengea mizizi, na kile kichipukizi cha juu ndo kinachotuma chini homoni ya kuamsha mizizi, kata tu kilichokauka kabisa. Na usiufukue kuangalia. Kila ukifukua unakata midomo iliyoanza kuota.

Isipokuwa ule wa kuogopa, uliolegea alfajiri na udongo umelowa. Huo nusa tundu la chini. Ukisikia yai viza hapo kusubiri ni kuuacha ufe, utoe, osha mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kata yote iliyolainika kwa mkasi uliofutwa na spiriti mpaka ufike penye rangi ya maziwa na pagumu, uurudishe kwenye chungu kidogo kuliko kile, mchanganyiko mpya, ufunike, na kuanzia hapo hesabu siku upya.

Ukitaka kujua kama bado uko hai kwangua gome kwa ukucha kidogo sana. Chini pakiwa kijani na pana unyevu, kuna uhai, hata kama hauna jani hata moja. Pakiwa kahawia na pakavu shuka chini kidogo ukwangue tena, wakati mwingine juu pamekufa na chini panaishi na utachipua kutoka hapo.

Jani jipya linaloning'inia

Mkakao wangu wa pili shemeji aliuleta mwaka uliofuata. Nikafanya yote haya, nikahamisha Oktoba, jioni, kiriba nimekichana kwa wembe bila kuvunja bonge la udongo, isipokuwa mzizi mkuu ulikuwa umejikunja chini kama ndoana nikaukata ile ncha. Ukalegea siku ya pili. Nikaufunika nailoni ya dobi nikakaa nao hivo. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili jani moja la chini likawa njano. Wiki ya tatu mengine yakaanza kunyanyuka alfajiri na kukaa wima mpaka saa tano, alafu mpaka saa nane. Wiki ya tano kichipukizi cha juu kikavimba, siku nne baadaye yakatoka majani manne, mekundu mekundu yenye rangi ya shaba, laini kama karatasi ya shashi, na yote yananing'inia chini kabisa.

Hapo roho yangu ilishtuka kweli, nikanyanyuka kwenda kuchukua kopo. Bahati nilikumbuka kumpigia shemeji kwanza nikamtumia picha, akanijibu, "Acha, hivyo ndivyo yanavyozaliwa." Na ndivyo ilivyo, jani changa la mkakao linaning'inia lote, halijaumwa, ni laini halijakomaa, na miembe nayo inafanya hivyo. Ukishika kikonyo cha jani la mkakao utakuta kifundo kilichovimba kidogo upande wa shina na kingine pale kikonyo kinapoungana na jani, jani likikomaa vile vifundo ndo vinalinyanyua na kuligeuza kutafuta mwanga. Kwa hiyo tofautisha: majani ya zamani yakiwa magumu na wima huku mapya ya juu tu ndo yananing'inia, mti unakua. Majani ya zamani yakilegea na mapya yakasinyaa na kuwa meusi kwenye ncha, hapo kuna tatizo. Mengi yanayoitwa mshtuko wa kuhamishwa kwenye mkakao ni majani mapya tu, na mtu anayazamisha kwa maji wakati mti ndo umepona.

Nilisubiri yale manne yageuke kijani na yakakamae, ikachukua wiki tatu hivi. Ndo nikaanza kuuzoesha, siku ya kwanza nailoni nimeifunua saa moja, kesho yake mbili, mpaka wiki ikaisha nikaitoa kabisa. Mbolea nilitia majani ya mzunguko wa pili yalipotoka, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwenye udongo ambao tayari una unyevu. Saa hizi una majani ishirini na mbili na bado uko kwenye chungu kile kile cha sentimita 16.